Kemshafti ya Mjomba Chitanda

Mabibo yakilala chini ya mkorosho na jua likayapiga, hutoa harufu tamu inayokaribia kuwa pombe. Harufu hiyo ikichanganyika na mafuta ya taa, hunirudisha utotoni papo hapo, popote niliposimama. Ilikuwa msimu wa korosho, kwetu Chilangala, miaka ile ya ruksa, maduka ya Masasi yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa majina tu. Nyuma ya jiko letu injini ya pikipiki ya baba ilikuwa imefunguliwa juu ya mkeka, vyuma vyake vinaogeshwa kwa mafuta ya taa ndani ya karai la kufulia la mama. Mama alilalamikia karai lake mpaka msimu ukaisha. Mimi sikulalamika hata kidogo. Nilikuwa na furaha ya kunikosesha usingizi, maana injini ile ndiyo ingenirudisha shule.

Niseme vizuri ili msomaji anielewe. Huku juu kwetu maji hayakuwepo, yalikuwa bondeni. Mwanamke au binti aliteremka na ndoo alfajiri, akapanda nayo kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Mimi ndiye binti wa kwanza, kwa hiyo kiangazi kilipokaza niliachishwa darasa la nne, nikakabidhiwa ndoo. Baba alikuwa amenunua pikipiki ndogo, imechokachoka, akasema mbele ya mama kwamba siku itakapopandisha madumu mawili ya maji kutoka bondeni, Somoe anarudi darasani. Mama akaitoa sare yangu sandukuni, akaanza kufumua pindo la sketi kwa sababu nilikuwa nimerefuka. Lakini pikipiki haikuweza. Kila ikifika kona ya juu, ile yenye mchanga mwekundu, ilikohoa ikazima, tukaisukuma huku wanawake wenye ndoo wakitupita na kutucheka: "Baba Somoe, sasa nani amembeba mwenzake?"

Dawa ya baba ilikuwa ndogo. Alitaka ringi mpya za pistoni na sproketi kubwa ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, chombo kipande kama punda, polepole lakini kifike. Angeachwa afanye hivyo, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Ndipo akatokea Mjomba Chitanda, kaka yake mama, kutoka Masasi, na miwani ya jua usoni. Alichomoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye leso, akakifungua taratibu kama mtu anayeonyesha pete ya ndoa. Kilikuwa chuma kifupi kinachong'aa, chenye manundu mawili. Ndiyo kemshafti. Ndani ya injini huzunguka, na yale manundu, mafundi wakiyaita mayai, husukuma valvu zifunguke ili mafuta yaingie na moshi utoke. Kemshafti ya zamani mayai yake yalikuwa madogo, yamelika. Hii ya mjomba mayai yake yalichongoka, makubwa. Niliishika. Ilikuwa ya baridi na nzito, nikaona kama nimeshika gari zima.

"Shemeji, hii ni ya mashindano," alisema mjomba.

"Mashindano gani ninayo mimi? Mimi nina maji."

"Ndiyo tatizo lako, shemeji, unawaza kipunda. Nchi imefunguka, watu wanafunga vyuma vya kuruka, wewe unalilia sproketi!"

Baba akataka kubisha. Mjomba akavua miwani. Kwetu Wamakonde, kwa kawaida za wakati ule, baba hulisha mtoto, lakini neno la mwisho juu ya mtoto ni la mjomba. Akasema, "Somoe ni wetu. Pikipiki yake ikitia aibu, aibu ni yangu." Baba akatazama chini, akachukua jembe akaenda shambani. Mimi nilibaki nacheka. Nani asingecheka? Mjomba alikuwa ananiletea shule inayoruka.

Akaletwa Fundi Selemani wa Lisekese, na zile siku za kufunga injini sijapata tena siku tamu kama hizo. Valvu zilitakiwa kusagwa zikae sawasawa kwenye viti vyake, na kazi hiyo nilipewa mimi. Unaipaka valvu dawa yenye chengachenga, unaibana kwa kijiti chenye mpira, halafu unapekecha kijiti kati ya viganja, kama mtu anayepekecha moto. Kwanza kinakwaruza kama mchanga kwenye meno, baadaye sauti inalainika, inakuwa kama kunong'ona. Fundi akatia mafuta ya taa juu ya valvu kuona kama yatavuja. Hayakuvuja. "Mtoto huyu ana mkono!" akapiga kelele, na majirani wakaja kuuangalia mkono wangu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye majina ya wenye kosa. Kemshafti yenye mayai makubwa huzisukuma valvu mbali zaidi, kwa hiyo hutaka springi ngumu za kuzirudisha upesi, kabla pistoni haijapanda na kuzikuta njiani. Fundi Selemani alilijua hilo. Alilisema mbele yangu: "Chitanda, springi mpya ziko wapi?" Mjomba akajibu kwamba springi zitakuja safari nyingine, kwa sasa iendeshwe taratibu. Fundi akasema kemshafti hii taratibu haina nguvu, nguvu yake iko kwenye resi. Wakatazamana. Basi, anayekwenda taratibu hapandi mlima, na anayekwenda kwa resi anavunja injini. Mtoto wa darasa la nne nilielewa, wao watu wazima wawili wakacheka, na Selemani akazirudisha springi zile zile za zamani. Naye alikuwa na hamu ya kuusikia mlio.

Na mlio ukaja, jamani! Ilipopigwa kiki haikuunguruma kama zamani, ilitetema, ikasitasita, kisha mjomba akavuta mafuta ikapiga ukelele uliowakimbiza kuku mpaka kwa jirani. Alinipakia, tukatoka barabara ya tambarare ya kwenda Newala mjini. Mikorosho ilipita kama inafukuzwa. Machozi yalinitoka kwa upepo, kanga ilinipigapiga shingoni, nami nilikuwa napiga kelele bila kujua nasema nini. Mpaka leo nikisema nimewahi kuruka, sidanganyi.

Asubuhi yake tukateremka bondeni, tukajaza madumu mawili, nikakaa nyuma ya mjomba nimeyakumbatia kwa mikono na miguu. Mara ya kwanza mjomba alipanda taratibu, ikazima hata kabla ya nusu. Wanawake wakacheka. Kicheko kile kilimchoma. Akarudi chini kabisa, akatafuta nafasi ya kuanzia mbio, akafungua mafuta yote. Ikapanda! Wallahi ilipanda. Wanawake waliruka pembeni na ndoo zao, vigelegele vikatufuata, kona ya mchanga ikaja, nikaona na paa la shule kule juu. Kisha nikasikia "ka!" moja, kavu, kama kuni kuvunjwa gotini. Injini ikajifunga, gurudumu la nyuma likagoma, tukaanguka, na chombo chote kikanilalia mguu, ekzosi yenye moto juu ya shavu la mguu wangu. Maji ya madumu mawili yalimwagika mchangani yakapotea kabla mtu hajaniinua.

Fundi alipofungua, valvu niliyoisaga kwa viganja vyangu ilikuwa imepinda, na pistoni ina tundu. Mjomba alibeba injini kuipeleka Masasi kutengenezwa, hakuirudisha. Mguu ulipopona nilirudishiwa ndoo, na mama akaishona ile sare kuwa gauni la mdogo wangu. Chitanda, kwa kiburi. Selemani, kwa kujua na kufunga. Na baba yangu, Mungu amrehemu, kwa kwenda shambani. Hao ndio, na sijamsamehe hata mmoja.

Siku hizi bomba limefika, japo maji hutoka siku moja moja, na barabara ya Masasi imejaa bodaboda. Mwezi uliopita nilikuwa Newala stendi, kijana mmoja akapiga resi mbele yangu. Vinyweleo vilinisimama. Mlio ule ule. Nikajikuta natabasamu kama mwehu, nikapanda nyuma kabla sijauliza nauli.

"Shikamoo mama. Umeisikia? Nimefunga kemshafti kubwa."

"Marahaba. Na springi umebadilisha?"

Akageuka kunitazama. "Springi ni za zamani, mama, lakini inakwenda."

"Najua inakwenda," nikamwambia, nikashuka.

Akauliza mambo ya injini nimesomea chuo gani. Nikanyanyua gauni kidogo, nikamwonyesha kovu.