Wastani wa Litungu

Simu ilinikuta Mayoni, nimekaa kwenye benchi la mama muuza chai nikitazama trekta za miwa zikipita, na sauti ya upande wa pili haikupoteza muda kwa salamu. "Mwalimu ametuacha," ilisema. Nikauliza mwalimu yupi, maana mtu mwenye miguu isiyotulia kama yangu hufahamiana na walimu wengi kuliko wale waliomfundisha. "Mwalimu wako wa litungu. Ni presha. Alianguka asubuhi akipiga mswaki." Aliyekuwa akizungumza ni mpiga kinanda wa kanisa moja la Khayega, mwanafunzi wa zamani wa marehemu, sasa mtu mzima mwenye familia yake. Chai yangu ikapoa. Jambo la kwanza lililonijia, nalisema kama lilivyokuja, halikuwa sura yake. Lilikuwa ukurasa mmoja kwenye mtandao ambao alikuwa ameapa kuurekebisha, na ambao sasa ungebaki kama ulivyo.

Wasomaji wa siku nyingi huenda wakakumbuka nilivyowahi kuandika hapa kwamba litungu, kile kinubi cha nyuzi cha Waluhya, halipigwi tena upande wetu. Mwalimu alisoma makala hayo, akanitafuta mpaka akanipata. Alikuwa mtu mfupi, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola, na alikuwa amefundisha muziki katika shule za sekondari maisha yake yote. "Wewe ndiye umetuzika?" aliniuliza, hata kabla hajakaa. "Ulipita Navakholo ukisinzia juu ya boda, sasa unaambia watu hakuna litungu?" Nilimjibu kwamba niliuliza sokoni nikaambiwa hakuna. "Sokoni unaulizanga bei ya mahindi," alisema. "Kesho twende nikuonyeshe." Ndivyo tulivyofahamiana. Sikuwahi kujiita rafiki yake wa karibu, lakini tangu siku ile, kila nilipopita Khayega, nilijua mahali pa kuweka mkoba wangu.

Kazi iliyokuwa imemshika inahitaji maelezo kidogo, na mimi niliyeishia kidato cha nne nitaieleza kama nilivyoielewa. Ukibonyeza kinanda cha kanisani, sauti zake zimepangwa kwa ngazi ambazo kiwanda kilishaamua. Lakini ziko sauti zinazokaa katikati ya kibonye na kibonye, na nyuzi za litungu hupenda kukaa huko. Mwalimu alikuwa amejiunga na watu wa nchi mbalimbali wanaoandika skeli za namna hiyo, yaani mipangilio ya sauti za ala za makabila ya dunia, kwenye tovuti ambayo kila mtu anaruhusiwa kuongeza na kusahihisha alichoandika mwenzake. Alipoingia alikuta vurugu. Mmoja amehesabu nyuzi kutoka juu, mwingine kutoka chini; huyu ameandika do-re-mi, yule ameandika tu kwamba ala "inakaribiana na kinanda". Skeli moja ilionekana kama skeli nne. Kwa tabia yake ya ualimu, akakaa akawaandikia kanuni: tuanze na uzi wenye sauti nzito kuliko zote, tupime kwa kipimo kimoja, kila ala iwe na ukurasa mmoja na skeli moja. Na kwa kuwa simu na vinasa sauti hukosea, vipimo vikitofautiana, tuchukue wastani. Wenzake walimpigia makofi, kanuni ikapita. Alikuwa na fahari nayo. Alinionyesha kwenye simu yake mara nyingi, kama mtu anavyoonyesha picha za wajukuu.

Tulipokwenda Navakholo tulimkuta mzee wa litungu akipukuchua mahindi. Mwalimu alitoa simu, akafungua kile kipimo chenye mshale unaocheza, akaomba nyuzi zipigwe mmoja mmoja. Mzee hakugusa hata uzi. Alimgeukia mke wake, akamwomba aite mtoto aliyekuwa akichunga ng'ombe bondeni. Bibi akaita, sauti ikapanda, ikaning'inia, ikaanguka. Hapo ndipo mzee akaanza kuzungusha vitambaa vinavyoshika nyuzi kwenye mti wa juu. Uzi mmoja akauweka pale mwito ulipoanzia, mwingine pale ulipofika kilele, mwingine ulipoangukia, na zilizobaki akazipanga kati ya hizo. Mwalimu akapima akiwa na furaha ya mtoto. Baadaye tulimfuata mzee kwenye harusi ya jirani, kisha kwenye boma lililokuwa limepata mtoto mchanga, na kila mahali alimwomba kwanza mwenye nyumba aite mtu. Kila mahali nafasi kati ya nyuzi zikawa nyingine.

"Kuka," Mwalimu alimwambia, akitumia neno letu la babu, "sasa nipe ile ya kweli."

"Zote ni za kweli."

"Lakini hazifanani."

"Kwani hao watu wanafanana?" mzee akauliza. "Litungu likiingia kwa mtu si langu tena. Ni la mwenye boma. Au wewe unatafuta ile ya uongo? Hiyo sina, labda uende dukani."

Mimi nilicheka. Mwalimu hakucheka. Njia nzima ya kurudi mavumbi ya barabara ya marram yalitupaka rangi moja sote wawili. Kufika Khayega aliandika skeli zote tatu kwenye ukurasa wa litungu, kila moja na mstari wake: boma la nani, shughuli gani, nani aliita. Siku chache baadaye mmoja wa wenzake, mtu wa mbali ambaye hawakuwahi kuonana naye, alizikusanya tatu zile akatoa wastani, akaacha mstari mmoja safi, na maelezo ya mabomani akayafuta kwa sababu ala nyingine hazikuwa na safu ya namna hiyo. Mwalimu akarudisha. Yule akaondoa. Mwalimu akarudisha tena kwa maneno makali. Jibu lilikuja la upole kabisa: "Rafiki, kanuni hii uliiandika wewe mwenyewe." Alinisomea maneno hayo nyumbani kwake, mkewe akitukaribisha obusuma, ugali wetu, na ilibidi mama yule aseme mara mbili kwamba chakula kinapoa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. "Nilidhani kila tofauti ni kosa la kipimo," Mwalimu alisema hatimaye. "Nitarudi kwa mzee, nirekodi maelezo yake mwenyewe, kisha niwaombe tupige kura kanuni ibadilike. Kabla ya hapo ule wastani unanikera. Ni skeli ambayo hakuna mkono uliowahi kuikaza."

Nimetembea sana, na kila ninakopita naona jambo hilohilo likivaa nguo nyingine. Zamani upande wa nyumbani kila jiko lilikuwa na maharagwe yake, mekundu ya huyu, ya madoa ya yule, na mama aliweza kukuambia mbegu ilitoka kwa shangazi gani. Leo yako ndani ya gunia moja yameandikwa "mchanganyiko", na sisi hao hao tunalalamika kwamba hayaivi kwa pamoja. Sisemi utaratibu ni mbaya. Nimeona vurugu iliyokuwepo kabla ya kanuni ya Mwalimu, na vurugu ile ilikuwa inaua litungu kwa njia yake, maana kisichoweza kulinganishwa na kingine hakisomwi na mtu. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna adui katika habari hii. Yule wa mbali alifuata sheria. Mwalimu aliitunga kwa mapenzi. Na bado kitu kimepotea mikononi mwa watu wema, waliokuwa wakikihifadhi.

Mazishi yalikuwa Jumamosi, kwake Khayega, hema mbili na viti vya kukodi. Mpiga kinanda alisimama akasema anataka kumuenzi mwalimu wake kwa namna ambayo yeye angeipenda: ameingia kwenye ile tovuti, ametoa skeli ya litungu la Navakholo, ameiingiza kwenye kinanda chake kibonye kwa kibonye. Aliitayarisha kwa siku tatu, na macho yalikuwa yamemvimba. Kisha akapiga. Nilijua alichotoa ni ule wastani. Wanakwaya walijaribu kuingia, wakatoka, wakajaribu tena. Nyuma yangu mama mmoja alinong'ona, "Hiyo spika imeingia maji?" Mzee wa litungu, aliyekuwa amekaa mbele na kinubi chake kwenye gunia, aliinamisha kichwa akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa sauti ambayo sote tuliisikia:

"Hilo ni litungu la nani?"

"Ni lako, kuka," mpiga kinanda alijibu.

"Langu?"

"Ndiyo, kuka. Mwalimu aliliandika."

Mzee alikitazama kile kinanda kama mtu aliyeonyeshwa picha akaambiwa ni yake. "Mimi sijawahi kuingia kwenye hilo boma," alisema.

Wengine walicheka, kama watu wanavyochekanga matangani ili wasilie. Mpiga kinanda hakucheka. Alizima kinanda, akabaki ameweka mikono magotini. Nilitaka kwenda kumweleza palepale kwamba kosa si lake, lakini ningeanzia wapi, mbele ya jeneza la mtu aliyetunga kanuni ile? Mzee ndiye aliyemwokoa. Alitoa litungu kwenye gunia, akamgeukia mjane, akamuuliza kwa upole: "Mama, huyu akirudi jioni, akiwa hapo langoni, alikuwa anakuitanga namna gani?"

Dada ya mjane alimshika bega, akamwambia, "Wacha tu, si lazima." Mjane akautoa ule mkono begani. Kisha akaketi wima, akaita. Alijiita mwenyewe kwa sauti ya mume wake: "Mama weee!" Ilianza chini, ikaruka juu kwa "weee", halafu ikaanguka nusu tu, kama mtu aliyekumbuka katikati kwamba majirani wanasikia. Watu wote wa Khayega walioijua sauti ile waligeuka kutazama lango. Hata mimi niligeuka. Mzee akazungusha vitambaa, uzi baada ya uzi, na alipoanza kupiga mjane alifunika uso na leso, lakini kichwa chake kilikuwa kikitikisika kukubali: ndiyo, ni hivyo, ni hivyo hasa. Mpiga kinanda alikuwa ameshatoa simu yake na kuinyoosha kuelekea kwenye nyuzi.

Siku ya pili yake nilikaa na mpiga kinanda, tukapima, tukaandika mstari mpya kwenye ukurasa ule, tukarudisha na ile mitatu iliyofutwa. Chini yake tukaeleza kwa lugha nyepesi kwamba nyuzi hizi hufuata mwito wa mwenye boma, na kwamba mstari huu wa mwisho umefuata mwito wa marehemu kama mkewe alivyouiga siku ya kumzika. Tukaomba kanuni ya wastani ipigiwe kura upya. Yule mtu wa mbali alijibu kwanza kwa rambirambi, na niliamini ameumia kweli. Kisha akauliza swali lake, tena la haki: je, kipimo hiki cha mwisho kinaweza kurudiwa ili kihakikishwe? Mpiga kinanda alinitazama nimsaidie kujibu. Tuliandika neno moja: hapana. Mpaka ninapokamilisha safu hii mistari yetu yote minne ingalipo, na kura haijaamuliwa. Sijui nitakapofungua tena nitakuta mingapi.

Nimebeba somo moja kutoka kwa mtu yule mfupi wa shati la pasi, na halinipi raha. Kanuni ikae kwenye swali. Tuulize sote kwa namna moja: nani alipiga, wapi, kwa ajili ya nani, uzi upi ulitangulia. Majibu tuyaache yaje yalivyo. Na wewe msomaji, iwe ni nyuzi, ni mbegu, au ni mashahidi wa ugomvi wa mpaka, ukijikuta umeshika majibu matatu yasiyofanana, kabla hujayachanganya yawe moja, rudi kwa aliyekujibu umuulize kwa nini. Mwalimu alikusudia kurudi Navakholo. Mzee ndiye aliyekuja kwake, na wakati huo hakukuwa tena na wa kuuliza.