Yai la Kijani Lililotupiwa Mbwa

Nilianza kufuga kuku kwa sababu ya majivuno, si kwa sababu ya njaa. Kitengela karibu kila ploti ina kuku, lakini mimi nilitaka mayai ambayo hakuna mwingine anayo. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba jogoo wa ukoo wa mayai ya bluu akipanda mitetea wa mayai ya kahawia iliyokoza, binti zao watataga ya kijani. Nikamsaka jogoo wa aina hiyo mpaka nikampata kwa mfugaji mmoja upande wa Bissil. Nilimleta nyumbani kwenye kiti cha mbele, nimemfunga mkanda. Mke wangu alikaa nyuma.

Basi nikageuka mtaalamu. Jumapili baada ya ibada niliwaeleza wazee wenzangu habari za damu na urithi, nao wakanisikiliza kwa sababu chai ilikuwa haijafika.

Vifaranga walipoanguliwa, karibu wote walikuwa na shingo tupu, nyekundu, bila unyoya hata mmoja.

"Wataota baadaye," nikamwambia mke wangu.

"Baba watoto, jogoo wako ana manyoya mpaka kidevuni. Hizi shingo zimetoka wapi?"

Jibu lilikuja kutoka upande wa pili wa ua. Jirani yetu, mzee wa Kimaasai aliyestaafu ualimu, alikuwa ameegemea seng'enge akituangalia.

"Sopa, jirani!"

"Epa," nikaitika.

"Naona niko na wajukuu huko kwako."

Nyuma yake jogoo wake wa shingo tupu alitembea taratibu kama mwenye ardhi. Kumbe wakati mimi nampiga jogoo wangu picha, huyo mwenzake alikuwa anaruka ua na kufanya kazi.

Ni kifaranga mmoja tu aliyekuwa na manyoya shingoni. Nilimlea kama kitinda mimba. Alipokua akataga, na yai lilikuwa kijani kweli, rangi ya parachichi. Nililiweka kwenye bakuli mezani jikoni, nikatoka mbio kumwita jirani aje ajionee mwenyewe.

Tuliporudi, bakuli lilikuwa tupu. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Entarara, alikuwa anapangusa meza.

"Mama, hapa kulikuwa na yai."

"Nimelitupia mbwa, mwanangu. Lilikuwa limeshika ukungu. Mngeua watoto."

Mama mkwe hakaripiwi. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Asante, Mama." Jirani aligeuka akatazama ukuta, mabega yakimtetemeka.

Mtetea alipotaga tena, sikuliachilia yai mpaka jikoni. Nililikaanga mwenyewe mbele ya Mama. Aliinama juu ya sufuria, akachunguza.

"Ndani ni yai tu."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hivyo kazi yote hii ni ya ganda?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilitafuta chumvi, ingawa ilikuwa mbele yangu.

Siku ya kuondoka, Mama aliomba kuku wa kwenda kufuga kwake. Kwa fahari nikamwahidi binti wa kwanza wa yule mtetea wangu wa mayai ya kijani. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwa wale wa shingo tupu.

"Nipe hao," akasema. "Hawana kazi nyingi ya kunyonyoa."