Unga wa Mbawa za Nondo

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, siku ambayo kati ya watu wote waliosimama kwenye vumbi la machimbo ya Geita, ni mimi peke yangu niliyeujua ukweli. Niliusema, tena kwa sauti. Kesho yake mdogo wangu Masanja alikuwa maiti.

Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na stashahada ya kilimo. Kwetu Kishapu sikumjua mwingine aliyekuwa nayo. Sikusomeshwa na mjomba wala na padri. Nilichunga ng'ombe wa watu, nikapalilia pamba ya watu, mpaka nikapanda ndege. Nayasema haya bila kuona haya, kwa sababu ni kweli, na jasho la mtu ni haki yake kulitaja. Huko nilikosoma sifa yangu ilikuwa wadudu.

Masanja yeye aliacha jembe akaenda kuchimba dhahabu. Mama akanituma: "Nenda kanirudishie mwanangu. Wewe una maneno."

Nilimkuta kwenye duara la zamani, shimo refu lililoachwa miaka mingi. Walisema chini yake kuna mwamba wenye dhahabu, lakini nyigu walikuwa wamejenga chini ya magogo ya mdomoni, viota vikubwa kama vichwa vya watu, na kila aliyejaribu kushuka alirudi amevimba uso. Basi siku hiyo alikuwapo mganga mmoja mgeni, ameshika kibuyu, akiuza dawa ya kumkinga mtu na nyigu. Alikifungua, wakatoka wadudu weusi wenye mikanda ya njano, wakatambaa kwenye ndevu zake. Hakuna aliyemuuma. Wachimbaji wakavua kofia kama wako kanisani.

Mimi nilicheka. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwanangu, mwenye macho naye huambiwa atazame wapi. Wao walitazama mikanda. Mimi nilitazama kiuno. Nyigu kiuno chake ni uzi. Wale walikuwa wanene kutoka kifuani hadi mkiani. Nyigu wa viota vile akitua hukunja mbawa zake kwa urefu, zikawa nyembamba. Wale walizitandaza, mbawa nyeusi zenye madoa yanayopitisha mwanga kama vidirisha. Papasi zao, zile pembe za kichwani, zilikuwa nyuzi ndefu zenye ncha nyeupe. Walikuwa nondo, ndugu zake kipepeo, waliovaa vazi la nyigu ili ndege wawaogope. Nondo hana mwiba.

"Hao ni nondo," nikasema. "Nimewasomea. Hata mtoto mchanga anaweza kuwashika."

"Kaka," Masanja akasema, "huko ng'ambo ulikwenda kupima viuno vya wadudu?"

Wachimbaji wakaangua kicheko. Nilipandwa na hasira. Nikamnasa mmoja kwenye ndevu za mganga, nikamsugua kati ya vidole, nikaviinua juu ili wote waone: vumbi laini jeusi, kama masizi yaliyosagwa. Hiyo ndiyo alama isiyodanganya. Mbawa za nondo zina unga, mbawa za nyigu hazina.

Mganga hakutikisika. Alinishika mkono kwa upole, akawaonyesha vidole vyangu.

"Mmeiona? Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Msomi wenu ameitoa kwa mkono wake."

Masanja akanisogelea, akanifuta ule unga vidoleni, akajipaka kwenye paji la uso. Nilimshika shati, akajinasua akicheka. "Niache, kaka. Nikipanda na dhahabu nitakununulia miwani."

Asubuhi, mganga akiwa ameshaondoka, Masanja alishika kamba akashuka. Alipofika usawa wa magogo wingu likamfunika. Nilisikia jina langu mara moja. Kisha akaachia kamba.

Msibani watu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Mimi methali hiyo siikubali. Sikio la Masanja lilisikia dawa vizuri mno. Ukweli ndio lilioshindwa kuusikia. Uso wake ulikuwa umevimba hata hatambuliki, na kwenye paji weusi ule ulikuwapo bado. Mama aliufuta kwa upande wa khanga. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Ng'wanawane, mwanangu, ulimjua mdudu. Na nduguyo je, hukumjua?"

Kuhusu wale nondo sikukosea hata kidogo.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Anayekuuzia kinga, mwambie atangulie yeye. Neno hilo moja tu, "Mzee, tangulia kushuka," lingemuumbua mganga yule mbele ya kila mchimbaji, na sikulisema kwa kuwa nilikuwa nashughulika kuonyesha vidole vyangu. Usiogope mikanda ya mtu wala usiitegemee. Tazama kiuno, tazama kama ana mwiba. Na ukiwa na ukweli, usiurushe kwa watu wanaocheka. Mchukue nduguyo kando, mkalishe, mweleze mpaka aelewe, hata kama jua litazama.

Mungu akupe macho ya kutofautisha, na ulimi ambao nduguyo atausikiliza. Uzeeke wewe, na wadogo zako wazeeke wakikuona.