Mashairi ya Kimalayalam Mbele ya Afande

Usinikunjie uso kabla sijamaliza, nilikuwepo. Mwalimu Mhindi wa shule ya Mvara alikuwa anarudi kwao kufanya mtihani wa kazi ya serikali, somo lake fasihi ya Kimalayalam, lugha ya mama yake. Katika ofisi ya ruhusa za safari, mjini Arua, nami mzee nikingoja zamu yangu, askari akakamata kitabu chake.

"Maandishi gani hii ya kujikunja? Hii iko siri ya adui. Nachoma!"

"Afande, ni mashairi. Bila hicho nitaanguka mtihani."

"Basi soma!"

Mwalimu akaghani, kidole kikigonga meza. Punde buti la askari likaanza kufuata mdundo.

"Mwanangu," nikamwambia askari, "mutu anaimba siri mbele ya afande?"

Akacheka, akaigonga muhuri ruhusa ya mwalimu.

Cheko la mwenye bunduki halikai. Nikachukua kitabu, nikamsukuma mwalimu nje, nikafunga mlango nyuma yetu kabla afande hajabadili nia.