Kipindi cha Saa cha Mama

Nikisikia harufu ya gundi ya unga wa ngano, namwona mama yangu jikoni kwetu Wamagana, akibandika karatasi nyeupe juu ya katoni ya sabuni atengeneze uso wa saa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Shule zilikuwa zimefurika watoto, walimu waliosomea kazi hiyo hawakutosha, na mama, aliyekuwa na cheti cha shule ya msingi tu, akapewa darasa la tatu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Nyumbani nilimwita Mama, shuleni nilimwita Mwalimu kama wenzangu, na darasa likipiga kelele alinikemea mimi kwanza ili mtu asiseme ananipendelea.

Muhula huo mkaguzi alikuja kumtazama akifundisha Kiswahili. Maoni yake ndiyo yangeamua kama mama angepelekwa chuo cha ualimu au angerudi kuchuma kahawa. Tuliimba kuhusu saa, tukachora saa, tukazipaka rangi kwa majani na udongo mwekundu. Tulifurahi kupita kiasi, nami nikadhani mama ameshashinda. Kipindi kilipokwisha, mkaguzi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akauliza, "Mwalimu, watoto hawa sasa wanaweza kufanya nini ambacho asubuhi hawakuweza?"

"Wameelewa saa," mama akajibu.

Mkaguzi akainua mchoro wa Kariuki, aliyekaa dawati moja nami. Mshale mfupi ulielekea kumi, mrefu kumi na mbili. "Saa ngapi?" Darasa zima tukapaza sauti, "Saa kumi!" Jibu sahihi lilikuwa saa nne. Mkaguzi hakucheka. Alisema angerudi wiki iliyofuata, akavaa kofia yake akaenda.

Jioni hiyo mama alimenya viazi kwa hasira, maganda yakitoka manene. Halafu akaweka kisu chini, akanionyesha saa ya katoni na kunieleza kwamba kwa Kiswahili mtu husoma namba inayokabiliana na ile ya mshale mfupi. "Umeelewa?" Nikasema ndiyo. "Basi hii ni saa ngapi?" Nikababaika, machozi yakanijaa. Nilitarajia kukaripiwa, lakini mama aliangua kicheko. "Ati umeelewa! Wairimu, kuelewa kwako hakuonekani. Lazima nitafute kitu ninachoweza kuona." Akafikiri kidogo, akasema polepole, kana kwamba anayapima maneno: "Kipindi kikiisha, kila mtoto aweze kutaja saa kamili akitazama saa." Kisha akaanza kuondoa. Wimbo mrefu ukatoka, rangi zikatoka. Yaliyobaki ni saa ya katoni na sisi kuulizana wawili wawili.

Mkaguzi aliporudi, mama alituambia kwanza tulichotakiwa kuweza. Jambo hilo lilitushangaza, maana hakuna mwalimu aliyekuwa ametuambia tunakwenda wapi kabla ya safari kuanza. Tuliulizana huku mama akipita kati ya madawati, akisikiliza kila jozi. Kariuki alitaja saa tatu, saa saba, saa moja, sauti ikipanda kila mara. Lakini watoto wa nyuma waliendelea kukosea, na kengele ikalia. Mama akamgeukia mkaguzi.

"Wengi wameweza, bwana. Wale wa nyuma bado. Kesho nitaanza nao."

Nilijiambia amejiharibia mwenyewe. Mkaguzi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Leo umejua mwenyewe," akasema. "Hukuningoja mimi nikuambie." Mwaka uliofuata mama alikwenda chuoni, na bibi akaja kutulea hadi aliporudi akiwa mwalimu kamili.

Siku hizi binti yangu anafundisha shule moja huko Kangema. Maandalio ya masomo anayapata kwenye simu, malengo yakiwa yameshaandikwa na watu asiowajua, na mara nyingine namwonea wasiwasi kwamba atayasoma tu bila kuyafikiria. Mwezi uliopita niliketi nyuma ya darasa lake. Kabla hajaandika chochote ubaoni, msichana mdogo aliinua mkono: "Mwalimu, leo tutaweza kufanya nini?" Sisi tusingethubutu kuuliza hivyo. Binti yangu aliweka simu mezani, akavuta kiti karibu na msichana huyo, akaanza kumjibu.