Materoa na Farasi Aliyejua Kukimbia Tu

Hapa kijijini kwetu Tikitiki, mtu akiangushwa na farasi, watu huuliza kwanza kama farasi ameumia. Ndiyo maana siku Paratene alipopita mbele ya duka akipiga mayowe juu ya farasi wake mpya, hakuna hata mmoja wetu aliyenyanyuka kwenye benchi. Alikuwa akivuta hatamu kwa mikono yote miwili, na kadiri alivyovuta ndivyo farasi alivyozidi kutimua mbio. Wakaingia moja kwa moja uwanja wa ukumbi wetu, harusi imepamba moto. Farasi akasimama mwenyewe mbele ya bibi harusi, akaanza kula maua yake.

Shangazi yake Paratene, Materoa, alikuwa jikoni akikaanga mikate. Mjane wa miaka sitini na ushee, mfupi, mnene, aliyeswaga ng'ombe kwa farasi tangu utotoni. Alitoka na mwiko mkononi.

"We Paratene! Nani kakualika?"

"Shangazi, huyu kichaa! Namvuta asimame, ndio kwanza anakimbia!"

"Umemtoa wapi?"

"Kwenye mashindano ya mbio. Wamemwacha, kila mara alikuwa wa mwisho."

"Wa mwisho huyu? Basi wenzake walikuwa ndege!" Materoa alicheka, kisha akamshika farasi shingo. "Hana kichaa. Kule alifundishwa kwamba hatamu zikikaza, aegemee lijamu, kile chuma cha mdomoni, na akimbie. Unamwambia kimbia, halafu unamlaumu kwa kutii. Mlete kwangu kesho. Nawe uje."

Kesho yake, kabla hajamgusa farasi, Materoa alimpa Paratene lijamu alishike mikononi, afumbe macho, atembee. Yeye akashika hatamu kwa nyuma, akavuta kwa nguvu, asiachie.

"Nataka nini?"

"Sijui! Unaniumiza tu!"

"Na yeye hajui. Sasa sikiliza." Akavuta kidogo, kama mtu anayegusa bega la mwenzake. Paratene alipopunguza mwendo tu, akalegeza. "Umeona? Kule kulegeza ndiko kusema ahsante."

Wanawe Materoa walipiga simu kutoka mjini. "Mama, umri huo unapanda farasi mchanga?"

"Umri huu ndio wenye subira," akawajibu, akakata.

Majira yale yote ya baridi tulimwona malishoni juu ya Uira, maana ndilo jina la farasi yule. Anakaa kwa uzito kwenye tandiko, anashusha pumzi, ndipo vidole vinafumba hatamu; mwishowe Uira akawa anasimama kwa pumzi ile tu. Uira akikimbia, havutani naye. Anamzungusha taratibu mpaka mwenyewe aone mbio hazina faida. Siku moja kundi la ndege liliruka, Uira akashtuka, Materoa akatua kwenye kichaka cha miiba. Nilimkuta amekaa humo, machozi yanamtoka. Nikadhani amevunjika.

"Nimemkumbuka mume wangu," akasema. "Angekuwepo, angenicheka wiki nzima. Nivute, mwanangu, kabla miiba haijaota mizizi."

Siku hiyohiyo alipanda tena, na Uira akageuza sikio nyuma kumsikiliza.

Majani mapya yalipoota, Paratene alimpanda kwenda kuswaga ng'ombe ufukweni pamoja na shangazi yake. Ndama mmoja akachomoka kuelekea mawimbini. Paratene akabana mguu mmoja tu, Uira akapinda mbele ya ndama. Akashusha pumzi, Uira akasimama tuli mchangani. Ndama akarudi kwa mama yake.

Kwa furaha Paratene akaachia kicheko kikubwa, pumzi yote ikamtoka. Uira, aliyekuwa ameanza kutembea, akasimama papo hapo. Paratene akateleza hadi masikioni mwa farasi, akabaki amekumbatia shingo.

"Shangazi! Kasimama tena!"

"Si umemwambia mwenyewe?" Materoa alipiga kelele kutoka upande wa pili wa ng'ombe. "Huyo amehitimu. Umebaki wewe!"

Paratene akajirudisha kwenye tandiko, ameuma midomo asicheke tena, wakaendelea na ng'ombe wao.