Maji ya Kwanza Hayanywewi

Walimpokonya ufunguo wa kioski cha maji mbele ya foleni nzima, tena siku ambayo maji yalikuwa yamerudi baada ya mgao mrefu. Mkaguzi wa ofisi ya maji alitia kufuli jipya kwenye koki, akatangaza kosa: mwanamke huyu anamwaga maji ya umma wakati wa ukame. Aliyasema hayo kwa ujasiri, huku nyuma yake bomba kuu lililopasuka likitiririsha maji mtaroni, na ofisi yake haijawahi kulitilia kufuli lolote. Nyani haoni kundule.

Mtaa ulimwita Mama Mwaga, na jina hilo hakulikataa. Kioski aliachiwa na mama mkwe wake alipozeeka, lakini desturi ya kumwaga aliianzisha mwenyewe, baada ya kitinda mimba wake kulazwa kwa kuhara mara tu maji yaliporudi. Mtoto alipona; mama hakusahau. Aliifuata njia ya bomba kwa miguu, akaona linavyopita katikati ya mtaro wa maji machafu, nyufa zake zimefungwa kwa vipande vya mpira. Hapo akaelewa. Bomba likijaa, hutema; likikauka, hunyonya. Mtu aliyenyimwa maji juma zima haonjeshwi kiu tu, kwani siku ya kupewa maji ya bomba hupewa pamoja na ya mtaroni.

Tangu hapo, maji yakirudi, hakuna ndoo iliyotangulia. Ya kwanza waashi waliyachota wakakorogea saruji, mengine yakaenda zake mpaka rangi na harufu viishe. Kisha Mama Mwaga alikunywa kikombe cha kwanza mbele ya watu wote, na bado akawaambia wakachemshe.

Baada ya kumpokonya ufunguo, ofisi ilimpa kazi ya kioski wifi yake, dada wa mumewe, kwa agizo moja: tone la kwanza liingie ndooni. Jioni hiyo wifi aliingia jikoni kwa Mama Mwaga akiwa ameinamisha kichwa.

"Wifi, umenirithi ningali hai," Mama Mwaga alimtania, akimsogezea kigoda.

Wifi alijitetea kwamba hakuuomba ufunguo. Alihofia kwamba angeukataa, ungekwenda kwa mtu baki.

"Basi kaa nao. Ila kumbuka, wanao na wangu wananywea mtungi mmoja."

Alijua maneno mengine huachwa yafanye kazi yenyewe, kama chachu kwenye unga.

Maji yaliporudi tena, mkaguzi alifika asubuhi kuhakikisha agizo lake linatimizwa. Mama Mwaga alisimama mkiani mwa foleni na ndoo yake, kama mtu yeyote. Mbele kabisa alikuwa mama mkwe wake, mama mzazi wa wifi. Koki ikafunguliwa, ikakohoa, ikatoa maji ya rangi ya chai.

Bibi akaivuta ndoo yake nyuma. Wa pili akafanya vivyo hivyo, na wa tatu, mpaka foleni nzima ikawa imerudi hatua moja, bila mtu kupewa amri. Miguu ilikuwa imezoea. Mkaguzi aliwataka wachote, hakusogea mtu. Akawauliza kama wamesahau kiu.

"Hatujasahau, mwanangu," bibi akamjibu kwa upole, akimnyooshea kikombe. "Ila leo wewe ni mgeni wetu. Anza."

Mkaguzi alikitazama kile kikombe, kisha akakumbuka kwamba ana kikao. Kicheko kilimsindikiza mpaka barabarani.

Wifi aliyaacha maji yatiririke hadi yakatakata. Kisha akauvua ufunguo shingoni, akamfuata Mama Mwaga kule mkiani, akamvika.

"Njoo unywe wewe, wifi. Mimi bado naogopa."

Mama Mwaga akanywa. Ndoo zikasogea.

Ufunguo uko shingoni mwake hadi leo, bila idhini ya ofisi, na hakuna aliyethubutu kurudi kuudai. Lakini mtaa uliojifunza kumwaga maji adimu ili usiugue haujapata haki, umejinusuru tu. Nyufa zingali mtaroni.

Basi ninyi mnaosimamia maji, neno hili ni lenu. Liondoeni bomba hilo mtaroni. Lazeni jipya mahali pakavu, na mgao wenu upangeni ili lisikauke likanyonya uchafu. Msituambie maji ni haba, kwa kuwa uhaba haukuwatuma mzipuuze nyufa. Na kabla hamjatia kufuli kwenye koki ya mtu mwingine yeyote, njooni siku maji yanaporudi. Kikombe kipo. Kunyweni ninyi ya kwanza.